Kwa Nini “Inflammable” Haimaanishi “Isiyoshika Moto”

Mtu anayejua Kiingereza cha kutosha kusoma maelezo ya bidhaa anaweza kukuta makopo mawili yamewekwa bega kwa bega, moja likiwa limeandikwa “flammable” na la pili “inflammable”, kisha akaamua, kwa hoja inayoonekana timamu kabisa, kwamba la kwanza ndilo la kuwekwa mbali na moto na la pili halina hatari. Uamuzi huo ni kosa, tena kosa linaloweza kuteketeza nyumba. Maneno hayo mawili yana maana moja: kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Kisichoshika moto kina neno lake la tatu, “non-flammable”.

Naliandikia jambo hili kwa kirefu kwa sababu kwa kawaida huelezwa kwa kukidhihaki Kiingereza kuwa ni lugha isiyo na mantiki, na maelezo huishia hapo. Mantiki ipo. Neno “inflammable” limeundwa kwa utaratibu uliokamilika, na msomaji anayelielewa kinyume naye anafuata utaratibu halali wa lugha hiyo hiyo. Taratibu mbili zinazojitosheleza zimekutana katika neno moja, na neno hilo likatokea kuwa ndilo linaloandikwa juu ya vitu vinavyoua.

Chanzo cha mkanganyiko ni silabi moja tu, in-, ambayo Kiingereza kiliirithi kutoka Kilatini. Kilatini kilikuwa na viambishi awali viwili vilivyotamkwa na kuandikwa sawasawa, lakini visivyo na undugu wowote. Cha kwanza ni cha kukanusha: sanus ni mwenye afya, insanus ni mwenye wazimu. Kiambishi hiki kinatokana na chembe ya kale ya ukanushi katika lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na za Bara Hindi; ni chembe ile ile iliyozaa a- na an- za Kigiriki pamoja na un- ya Kiingereza na Kijerumani. Cha pili kina maana ya “ndani” au “kuingia katika”, nacho ni ndugu wa kihusishi “in” cha Kiingereza chenyewe. Katika kitenzi cha Kilatini inflammare, in- iliyotumika ni hii ya pili, imeunganishwa na flamma, yaani mwali wa moto. Kwa hiyo kitenzi hicho kilimaanisha kukitia kitu katika miali, kukiwasha. Hakuna ukanushi wowote ndani yake, na haujawahi kuwamo.

Kufanana kwa viambishi hivi hakukuishia kwenye sura yao ya kawaida, kwa kuwa vyote viwili hubadilika kwa namna moja vinapokutana na konsonanti fulani. Sauti n hugeuka kuwa m mbele ya p, b na m, hugeuka kuwa l mbele ya l, na kuwa r mbele ya r. Ndiyo maana “impossible”, yaani isiyowezekana, na “immerse”, yaani kuzamisha katika maji, huanza kwa sauti zile zile ingawa neno la kwanza linakanusha na la pili linaingiza. Vivyo hivyo “illegal”, kilicho kinyume cha sheria, na “illuminate”, kutia nuru; na vivyo hivyo “irregular”, isiyo ya kawaida, na “irrigate”, kumwagilia maji. Mtu asiyejua asili ya neno hana alama yoyote ya kumwonyesha ni kiambishi kipi kilichopo mbele yake.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa la ajabu, kwa kuwa lugha yake inalo la kufanana nalo. Tazama ku-. Katika “kupenda” ni alama ya kitenzi-jina. Katika “anakupenda” inasimama badala ya wewe unayependwa. Katika “hakupenda” ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi. Sauti ni moja na kazi ni tatu, na bado hakuna aliyezaliwa katika Kiswahili anayetatizika, kwa sababu mahali ilipokaa ku- ndani ya kitenzi, pamoja na viambishi vinavyoizunguka, huonyesha kazi yake. Kiingereza hakina msaada huo. In- hukaa mwanzoni mwa neno, haina kitu mbele yake, na kinachofuata ni mzizi ambao mara nyingi mzungumzaji wa leo hautambui.

Hata hivyo, kufanana kwa viambishi peke yake hakutoshi kueleza kosa hili. Kiingereza kina maneno mengi yenye in- ya kuingiza, na karibu yote hayamsumbui mtu. Bomu la moto huitwa “incendiary bomb”, kutoka kitenzi cha Kilatini incendere, ambacho nacho maana yake ni kuwasha, na kimeundwa kwa in- ile ile iliyomo katika “inflammable”. Hakuna anayedhani kwamba bomu hilo haliwaki. Sababu ni kwamba ukiondoa in- kwenye neno hilo, kinachobaki hakina maana yoyote katika Kiingereza, kwa hiyo akili hailigawi neno, hulipokea zima. Ukiondoa in- kwenye “inflammable”, unaliona wazi neno “flame”, mwali, na umbo linalobaki linaonekana kuwa neno kamili linaloweza kujitegemea.

Kuna jambo la pili, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi. Neno hili linaishia kwa -able, kiambishi tamati kinachounda vivumishi vyenye maana ya kuweza kutendwa jambo fulani, na Kiingereza kina safu ndefu ya vivumishi vinavyoanza kwa in- na kuishia kwa -able au -ible ambavyo karibu vyote ni vya kukanusha: “incurable”, isiyotibika, “invisible”, isiyoonekana, “inedible”, isiyolika, “inaccessible”, isiyofikika. Msomaji ambaye amekutana na mamia ya maneno ya aina hiyo amejijengea kanuni kichwani bila kufundishwa na mtu, na kanuni hiyo humfaa karibu kila siku. Akikutana na “inflammable” anaitumia kanuni ile ile: anaunganisha kwanza flam- na -able kupata “inayoshika moto”, kisha anaitanguliza in- ili kukanusha. Mpangilio wa kweli wa neno ni tofauti. Kinachoundwa kwanza ni kitenzi “inflame”, kuwasha, na -able huja mwishoni kabisa, ili neno lote limaanishe “inayoweza kuwashwa”. Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali pa kulikata neno. Ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili, akishajua kwamba ha- hukanusha katika “hapendi” na “hasomi”, akakutana na “haribika” na kuitafuta maana ya “-ribika”.

Ni vyema pia kuangalia neno hili lilikopitia. Katika Kilatini, inflammare haikuhusu kuni na majengo pekee. Ilihusu pia roho za watu na miili yao. Mwandishi wa mambo ya tiba wa Roma, Celsus, aliyeishi katika karne ya 1, alitaja dalili nne za hali ambayo Kiingereza bado kinaiita “inflammation”: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Sehemu ya mwili iliyo katika hali hiyo ilionekana kana kwamba imetiwa moto kwa ndani. Kivumishi kilipoingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15, kilitumika kwanza katika maandishi ya tiba, kwa maana ya kitu chenye kuelekea kupata uvimbe wa aina hiyo. Maana ya kushika moto hasa ilizoeleka takribani mwaka 1600.

Tangu hapo, kwa zaidi ya karne tatu, “inflammable” ndilo lililokuwa neno la kawaida. Henry Cavendish, mwanasayansi wa Uingereza, alipochapisha mwaka 1766 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu gesi inayotoka metali zinapotiwa katika asidi, aliiita gesi hiyo “inflammable air”, hewa inayowaka. Ndiyo gesi ambayo baadaye Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliipa jina lililotufikia kama haidrojeni. Wasomaji wa Cavendish walikuwa watu waliosoma Kilatini tangu utotoni, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kudhani kwamba anazungumzia hewa isiyowaka. Neno lilikuwa salama kwa sababu lilikaa miongoni mwa watu wanaojua lilikotoka.

Usalama huo ulikwisha pale neno lilipoanza kuandikwa juu ya mapipa, magari ya mizigo na milango ya maghala, na kusomwa na kila mtu. Hapo ndipo “flammable” ilipopata kazi. Neno hilo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1813, likitokana na kitenzi cha Kilatini flammare, kuwaka au kuwasha, lakini kwa miaka mingi lilikuwa adimu. Katika miaka ya 1920, chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kilichoanzishwa mwaka 1896, kilianza kuhimiza litumike badala ya “inflammable”, kwa hofu kwamba in- ingeeleweka kuwa ya kukanusha. Bunge la Marekani lilipopitisha mwaka 1953 sheria ya kuzuia uuzaji wa nguo zinazowaka upesi mno, liliiita Flammable Fabrics Act. Mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza, British Standards Institution, nayo ilitangaza kwamba sera yake ni kuhimiza “flammable” na “non-flammable” ili kuondoa utata.

Walikuwapo waliolalamika. Walisema kwamba Kiingereza hakina kitenzi “flam” chenye maana ya kuwasha, hivyo “flammable” haina mahali pa kusimama, ilhali “inflammable” ina kitenzi “inflame” nyuma yake. Kwa kanuni za uundaji wa maneno hoja yao ni sahihi, lakini haikustahili kushinda. Maandishi ya onyo hayaandikwi kwa ajili ya anayejua kuchambua maneno. Yanaandikwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, aliyechoka, ambaye pengine anasoma lugha isiyo yake, na ambaye hatapata nafasi ya pili ya kusoma. Neno ambalo mtu wa namna hiyo hulielewa kinyume limeshindwa kazi yake, hata kama nasaba yake haina doa.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa ukaribu kuliko wengi ni Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa kemia na kuajiriwa mwaka 1919 na kampuni ya bima ya moto ya mji wa Hartford, huku akijifunza isimu kwa upande wake mwenyewe. Kazi yake ilimpa ripoti nyingi za namna moto ulivyoanza, na katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1941, mwaka wa kifo chake, alionyesha kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa jina la kitu kadiri kilivyokuwa kitu chenyewe. Watu walikuwa waangalifu karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara na kutupa vishungi, ingawa pipa lisilo na petroli huwa limejaa mvuke wake, na mvuke huo hulipuka kwa urahisi zaidi. Alieleza pia kiwanda kimoja ambamo vifaa vya chuma vilifunikwa kwa kitu kilichotengenezwa kwa mawe ya chokaa, na kwa sababu jina lake lilikuwa na neno “jiwe”, hakuna aliyejishughulisha kukikinga na moto. Kumbe mvuke wa asidi wa kiwandani humo ulikuwa umekigeuza polepole kuwa kemikali ambayo ikipashwa moto hutoa asetoni, na asetoni huwaka vikali. Mifano hiyo haihusu kiambishi in-, lakini inaonyesha kitu kile kile: mbele ya hatari ambayo jicho haliioni, mtu hutenda kwa kufuata neno.

Leo “flammable” si neno la ushauri tu. Ni istilahi yenye mipaka ya vipimo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali alama, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hulitumia neno hilo kwa kimiminika ambacho mvuke wake unaweza kuwashwa kikiwa na joto lisilozidi nyuzi 93 za Selsiasi. Ni muhimu kuelewa kwamba kinachopimwa ni mvuke, kwa kuwa kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaopanda juu yake na kuchanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwashwa hata kwenye baridi ya yapata nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndiyo sababu cheche moja hutosha wakati wowote na mahali popote. Mafuta ya taa kwa kawaida huhitaji kufikia nyuzi 38 au zaidi. Mafuta ya kupikia huhitaji joto kubwa mno, kupita nyuzi 200, kwa hiyo hayaingii katika kundi hilo, ingawa kila anayepika anajua kwamba yakipashwa kupita kiasi huwaka. Hivyo hata “non-flammable” haipaswi kusomwa kama ahadi kwamba hakuna hatari ya moto: oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto wa kitu kingine uwe mkali mara nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo ina alama yake ya pekee, mwali uliokaa juu ya duara.

Lugha zilizotokana na Kilatini hazikuona haja ya kubadilisha. Kifaransa kinasema “inflammable”, Kihispania “inflamable”, Kireno “inflamável” na Kiitaliano “infiammabile”, zote zikiwa na maana ya kushika moto kwa urahisi. Kifaransa kinapotaka kukanusha huiweka in- ya kukanusha mbele ya in- ya kuingiza na kupata “ininflammable”, neno ambalo limebeba viambishi vyote viwili kwa mfuatano, kila kimoja na kazi yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huo kwamba hivi ni viambishi viwili na si kimoja.

Kifaransa hicho hicho kina mtego mwingine. Kwa Kifaransa “inhabitable” ni mahali pasipokalika, kwa kuwa in- imekanusha “habitable”. Kwa Kiingereza cha leo “inhabitable” ni mahali panapokalika, kwa kuwa neno limeundwa kutokana na kitenzi “inhabit”, kukaa mahali, na anayetaka kukanusha husema “uninhabitable”. Zamani Kiingereza nacho kilifuata njia ya Kifaransa: katika tamthilia ya Shakespeare, Richard II, neno hilo limetumika kwa maana ya nchi isiyokalika. Neno moja, lugha moja, na mahali pa kulikata pamehama kutoka upande mmoja wa in- hadi mwingine. Anayefasiri maandishi ya kale asipolijua hilo atawapeleka watu wakaishi jangwani.

Ingawa “flammable” imeshinda kwenye lebo, “inflammable” haijafa. Bado imo katika sheria za zamani, katika vitabu na kwenye makopo yaliyokaa muda mrefu, na bado inatumika kwa mafumbo, mahali ambapo “flammable” haikai vizuri. Kiingereza husema mtu ana “inflammable temper”, yaani mwepesi wa hasira, na hotuba ya kuwatia watu ghadhabu huitwa “inflammatory”. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa kilifika mahali pale pale kwa njia yake chenyewe: kuchochea ni kusukuma kuni ili moto upambe, na kutokana na kitendo hicho cha jikoni tukapata mchochezi na uchochezi, tunavyovitumia kwa watu na maneno yao. Kwa hiyo “inflammatory speech” inafasirika kuwa hotuba ya uchochezi bila kupoteza hata picha iliyomo.

Kwa maana ya moto hasa, mfasiri ana njia iliyo salama kuliko ya Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hukanusha waziwazi ndani ya kitenzi. “Inayoshika moto upesi” na “isiyoshika moto” haviwezi kuchanganywa na yeyote, hata na mtoto. Kosa linaweza kutokea hatua moja tu kabla, wakati mfasiri anasoma. “Highly inflammable” ni “hushika moto upesi sana”. Anayeandika “haishiki moto kabisa” ameligeuza onyo kuwa mwaliko. Na akikuta “non-inflammable”, kama ilivyokuwa ikiandikwa zamani, au “uninflammable”, ni hiyo non- au un- ya mbele ndiyo inayokanusha. In- inayofuata aiache mahali pake, iendelee kumaanisha kuingia katika miali, na jumla yake aiandike: isiyoshika moto.